Je, Wajua? Funguo Tatu Ndani ya Ufunguo Mmoja

Gari linalovuka mpaka wa Kobero, likitoka bandari ya Dar es Salaam na kuingia eneo la Muyinga nchini Burundi, aghalabu limekwisha kutumika miaka mingi huko Japani, likapita mikononi mwa wakala, baharia, kuli wa bandarini na dereva wa kukata masafa ya bara, kabla ya kumfikia yule atakayeliita lake. Na katika safari hiyo yote limefuatana na kitu kimoja kidogo kieneacho katika kiganja, ambacho mnunuzi, kwa furaha ya kuliona gari, hukipokea pasipo kukitazama. Kitu hicho ni ufunguo. Watu wa vilima vya Buhinyuza, na wa Gitega, na wa kila mahali ambapo gari hununuliwa kwa akiba ya miaka mingi, wana haja ya kuujua ufunguo kuliko watu wa miji mikubwa, ambao wakikwama humwita fundi naye akafika kabla chai haijapoa.

Je, wajua ya kuwa ufunguo wa gari la siku hizi, ingawa machoni ni mmoja, ndani yake mna funguo tatu zisizojuana? Wa kwanza ni chuma, kinachozungusha kitasa. Wa pili ni chipu isiyo na betri, ambayo kazi yake ni kuipa injini idhini ya kuwaka. Wa tatu ni rimoti, yenye betri yake, inayosema na milango kwa mawimbi ya redio. Kila mmoja una umri wake na udhaifu wake, na waweza kufa ilhali wenzake wazima. Asiyelijua hili husema kwamba ufunguo umekataa, akavunja kioo. Alijuaye huuliza ni upi katika hizo tatu uliokataa, kisha akatumia mbili zilizosalia.

Chuma ndicho kikongwe. Wazee wa nchi hii walilifunga lango la rugo, yaani boma la nyumbani, kwa magogo yaliyolazwa njiani, na watu wa Unguja wakaifunga milango yao ya nakshi kwa mnyororo na kufuli. Lakini kitasa tukijuacho leo, chenye vijiti vya shaba vinavyosukumwa na springi, kilipata umbo lake kwa Mmarekani Linus Yale mdogo, aliyepewa hataza mwaka 1861 na tena mwaka 1865. Kitasa cha gari ni jamaa yake wa karibu. Mahali pa vijiti pana vibati vyembamba, na kila pengo lililokatwa katika ufunguo hukishusha kibati kimoja kwa kadiri yake, hata vyote vikawa sawasawa na ukingo wa silinda, nayo ikazunguka. Kwa miaka mingi ufunguo haukuwa na kazi ya kuiwasha injini. Dereva alizungusha hendeli mbele ya gari, kazi ya hatari iliyovunja mikono ya watu, mpaka Charles Kettering alipotia starta ya umeme katika Cadillac ya mwaka 1912. Na kule kuzungusha ufunguo injini ikanguruma, jambo tulionalo kama lililozaliwa pamoja na gari, kulianza na magari ya Chrysler mwaka 1949.

Chuma huliwa na kazi. Katika Toyota Carina na Probox za zamani, zilizofunguliwa na kufungwa mara nyingi kila siku kwa miaka ishirini, ufunguo na vibati husagana hata ufunguo ukachomoka ilhali injini inaendelea kuwaka. Mwenye gari la namna hiyo akimpelekea fundi ufunguo uliosagika aukate mwingine, fundi huunakili na usagikaji wake pia, na wa pili huwa mbovu tangu kuzaliwa. Heri apeleke ufunguo uliotumika kidogo, au ile namba ya ufunguo iliyochorwa katika kibati kidogo kilichotoka kiwandani, kama haikupotea njiani. Na vumbi jekundu la barabara zisizo na lami likikikaza kitasa, usitie mafuta ya injini, kwa maana mafuta hulishika vumbi likawa uji mzito. Tia unga wa risasi ya penseli, ambao hulainisha pasi na kunata.

Ufunguo wa pili, yaani chipu, ulizaliwa kwa hofu ya wezi. Ulaya ilipofika miaka ya 1990 magari yaliibwa kwa wingi hata makampuni ya bima ya Ujerumani yakataka, kuanzia mwaka 1995, kila gari jipya liwe na kizuizi cha injini, na kufikia mwaka 1998 sharti hilo likaenea Umoja wa Ulaya wote. Ustadi wake wastahili kusifiwa. Katika kichwa cha plastiki cha ufunguo hukaa chipu ambayo urefu wake waweza kuwa milimita 12 tu, haina betri, haina waya utokao nje. Ufunguo ukitiwa katika tundu la kuwashia, koili iliyolizunguka tundu hilo hutoa nguvu ya sumaku. Nguvu hiyo hiyo huiamsha chipu na kuilisha, nayo hujibu kwa siri yake. Kompyuta ya gari ikiitambua siri huruhusu mafuta na cheche, isipoitambua injini hukataa kuwaka, au huwaka kitambo ikazimika.

Ndiyo sababu nakala iliyokatwa sokoni kwa bei ndogo hufungua mlango lakini haiwashi gari. Wengi hudhani fundi amewadhulumu. Kwa rai yangu nakala hiyo ya chuma kitupu ni hazina, maana humwezesha mwenye gari kuingia siku aliyousahau ufunguo wake ndani, wala haimwezeshi mwizi kuondoka nalo. Na iwekwe nyumbani kwa mtu mwaminifu, isiwekwe ndani ya gari. Tena funguo mbili za chipu zisifungwe katika pete moja, kwa kuwa koili huweza kuziamsha zote mbili kwa pamoja, zikajibu kwa pamoja, na kompyuta isielewe lolote.

Ufunguo wa tatu ni rimoti, nao ulianza kwa mwanga kabla ya redio. Mwaka 1982 kampuni ya Renault ya Ufaransa iliitia katika gari la Fuego, kwa uvumbuzi wa Paul Lipschutz, ikitumia mwanga usioonekana kwa macho, hata ikambidi mtu akielekeze kifaa kwenye gari barabara. Redio ilipochukua nafasi ya mwanga ulizuka msiba mwingine: rimoti za mwanzo zilitamka namba ile ile kila siku, na mwizi mwenye chombo cha kunasa mawimbi aliinasa mara moja akairudia apendapo, kama mtu aliyesikia neno la siri la walinzi wa boma akalitamka usiku wa pili. Dawa yake ilitoka barani mwetu. Katika miaka ya 1980 Gideon Kuhn, wa kampuni ya Nanoteq huko Afrika Kusini, alitunga mfumo ulioitwa KeeLoq, ambao namba yake hubadilika kila kitufe kibonyezwapo. Na mwaka 1995 kampuni ya Marekani iitwayo Microchip iliununua kwa takriban dola milioni 10. Rimoti na gari huhesabu pamoja kwa faragha. Ukibonyeza, rimoti huisogeza hesabu mbele, huifumba kwa siri wanayoijua wao wawili tu, kisha huituma. Gari huifumbua, na kama hesabu iko mbele ya ile ya mwisho kwa kadiri ndogo, hufungua. Namba iliyokwisha kutumika haifai tena.

Kwa hiyo mtoto akicheza na rimoti mbali na gari huisogeza hesabu ya upande mmoja bila ya mwenzake kujua. Mfumo wa KeeLoq huvumilia mabonyezo 16 yaliyopotea hivyo. Yakizidi hapo gari hukataa bonyezo la kwanza na kukubali la pili likifuata papo hapo. Rimoti iliyokataa mara moja basi ibonyezwe tena kabla ya kulaaniwa. Na atafutaye rimoti nyingine sokoni ajue kuwa magari yaliyouzwa Japani hutumia masafa ya karibu megahezi 315, ilhali ya Ulaya hutumia 433, na rimoti ya upande mmoja haitasikiwa na gari la upande wa pili hata ingekuwa mpya na nzuri namna gani.

Tangu Mercedes-Benz ilipotoa gari lisilohitaji hata kubonyeza, mwaka 1998, mazungumzo kati ya ufunguo na gari yamekuwa ya daima. Ufunguo hukaa mfukoni. Gari huita kwa wimbi dogo lisilovuka, kwa Toyota nyingi, takriban sentimita 70 kutoka mshikio wa mlango. Ufunguo ukisikia hujibu, na mlango hufunguka kwa kuguswa. Hapa nataka msomaji asimame nami kidogo, kwa kuwa raha hii ina gharama ambayo watu wa Burundi wameionja kuliko wengi. Gari la namna hii halilali. Usiku na mchana hutegea sikio, na kutega sikio ni kula betri, kidogo kidogo. Katika miaka hii ya uhaba wa mafuta magari yamekaa majuma, pengine miezi, yakingoja petroli, na siku petroli ipatikanapo mwenye gari hugusa mshikio na mlango haujibu. Watengenezaji waliliona jambo hili tangu awali: Toyota nyingi zikikaa siku 14 pasipo kutumika hujipunguzia kazi, zikausikiliza mlango wa dereva peke yake. Lakini betri kuukuu haifiki mbali hata kwa hisani hiyo. Gari litakalokaa sana ni bora litolewe waya hasi wa betri, au angalau ufunguo wake uwekwe mbali nalo, maana ukikaa karibu hubaki ukiitika na betri yake huisha pia.

Betri ikifa, hurejea yule mkongwe. Katika ufunguo wa kugusa, chuma hufichwa ndani ya plastiki, na hutoka kwa kusukuma kilimi kidogo ubavuni. Nimewaona madereva wa miaka mingi wakistaajabu kuonyeshwa. Tundu lake aghalabu liko katika mlango wa dereva tu. Nasi tunaendesha kulia mwa barabara kwa magari ya Japani ambayo usukani wake uko kulia, basi ukiegesha pembeni tundu hilo hutazama mfereji au ukuta wa udongo. Acha nafasi ya mtu kusimama. Kama betri ya ufunguo ndiyo iliyokufa na ya gari ni nzima, fungua kwa chuma, kanyaga breki, gusisha ufunguo wenyewe kwenye kitufe cha kuwashia, na chipu itaamshwa na gari kama nilivyoeleza juu, kisha bonyeza kitufe. Betri yenyewe mara nyingi ni ile duara bapa iandikwayo CR2032, au ndugu yake iliyo nyembamba zaidi. Soma namba ya ile ya zamani kabla ya kununua.

Wezi nao wamesoma. Mwaka 2011 wataalamu wa chuo cha ETH cha Zurich walitangaza kuwa wamejaribu magari 10 ya watengenezaji 8, na yote yalifunguka na kuwaka kwa hila moja: chombo kimoja kando ya gari, kingine karibu na ufunguo ulioko ndani ya nyumba, na wito wa gari ukapokezanwa kutoka huku hadi kule. Siri haikuvunjwa, masafa tu yalidanganywa. Kinga yake ni nyepesi: kopo la bati lenye kifuniko kinachobana, au kuunyamazisha ufunguo, jambo ambalo katika Toyota nyingi hufanywa kwa kushikilia kitufe cha kufunga na kubonyeza cha kufungua mara mbili, hata taa yake ikamweka mara nne. Hila ya pili ni duni zaidi na imeenea sana Afrika Kusini: mwizi hutoa kelele ya redio penye maegesho, sauti ya rimoti ikamezwa, na mwenye gari akaenda zake akidhani amefunga. Vuta mshikio kwa mkono wako kabla ya kuondoka. Siku zote.

Liko jambo moja linalonitia hofu kuliko wizi, nalo ni mtoto aliyeachwa garini na ufunguo wa kuchezea. Mtu wa Muyinga, akaaye katika hewa baridi ya vilima, hudhani joto la gari ni kadhia ya watu wa Bujumbura au wa pwani. Sivyo. Vipimo vilivyochapishwa na madaktari wa Marekani mwaka 2005 vilionyesha kuwa hata siku ambayo hewa ya nje ni nyuzi 22 tu, jua likipiga vioo joto la ndani hupanda kwa wastani wa nyuzi 22 nyingine katika saa moja, na sehemu kubwa ya kupanda huko hutimia katika nusu saa ya kwanza. Kifungo kimoja kikibonyezwa na kidole kisichojua, milango yote hufungwa. Wakati huo kioo hakina thamani. Kivunjwe, kile kilicho mbali na mtoto, pasipo kungoja ufunguo wa pili uletwe.

Basi anunuaye gari na adai funguo zote mbili kabla ya kutoa fedha, aujaribu kila mmoja kwa chuma chake, kwa chipu yake na kwa rimoti yake. Kama upo mmoja tu, wa pili utengenezwe ungali wa kwanza mzima, kwa kuwa katika magari mengi ufunguo ulio hai ndio unaoliruhusu gari kuupokea mgeni kwa muda mfupi na kwa ujira wa wastani. Zikipotea zote, ama kompyuta ya gari ing'olewe ipelekwe kwa fundi mjini Bujumbura, ama gari lenyewe lipakiwe juu ya lori.