Kemia ya Karakana (3): Zinki Inapojifanya Kostiki

Katika toleo lililopita tuliona jinsi kabonidayoksaidi ya hewani inavyogeuza sehemu ya kostiki soda kuwa kaboneti ndani ya tangi la kupakia zinki kwa umeme, na jinsi bariamu kloridi inavyoizamisha kaboneti hiyo kabla ya kupima. Leo ni zamu ya zinki yenyewe.

Tangi la alkali lisilo na sayanidi huwa na zinki gramu 10 hivi kwa lita, na kostiki gramu 120 au zaidi. Humo kila ioni ya zinki imeshikana na haidroksidi nne. Fundi anapodondosha asidi kutoka kwenye bureti, asidi humaliza kwanza kostiki iliyo huru, kisha huigeukia zinki na kuipokonya haidroksidi mbili. Ndipo maji hugeuka meupe kama tui: hayo ni mashapo ya zinki haidroksidi. Bureti haibagui; yote huhesabiwa kuwa kostiki.

Kosa hilo lina kipimo. Moli moja ya zinki ni gramu 65.4, na moli mbili za kostiki ni gramu 80, hivyo kila gramu ya zinki huongeza gramu 1.22 kwenye jibu. Aliyepata 130 katika tangi lenye zinki gramu 10 ana kostiki huru 118 hivi. Hapo ametumia fenolftalini. Angetumia methili oranji, ambayo hubadilika rangi kwenye asidi, mashapo yangeyeyuka tena na kosa lingekuwa maradufu.

Wapo wanaoongeza EDTA ili ishike zinki na maji yabaki maangavu. Rangi huonekana vizuri kweli, lakini tahadhari: EDTA ikiishika zinki huziachia haidroksidi zote nne, kwa hiyo cha kutoa ni kikubwa zaidi, si kidogo. Isitoshe, EDTA yenye sodiamu mbili ni asidi na hula kostiki. Ile yenye sodiamu nne, ikizidi, hula asidi ya bureti. Asiyepima EDTA yake kwa makini anaondoa kosa moja na kuingiza jingine.

Mimi napendelea njia ya kutoa. Pima zinki kando, zamisha kaboneti, teremsha asidi polepole huku ukitikisa chupa, maana mashapo huficha alkali na rangi ya waridi huweza kurudi. Kisha toa 1.22 mara zinki. Bariamu ni sumu, kwa hiyo usivute pipeti kwa mdomo.

Kabla ya kurekebisha tangi, soma karatasi ya muuza kemikali. Ikiwa viwango vyake vimewekwa kwa kostiki yote, pamoja na iliyoshikwa na zinki, usitoe chochote. Ukitoa, utaongeza kostiki isiyohitajika.