Tulienda L'shi Kutumika

Usiku wa kwanza Lubumbashi, L'shi kwa ufupi, mathe mwenye tulikuwa tunalala kwake alitupakulia bukari, ugali yao, akafuta mikono na kitenge, akasema na roho safi: "Jumamosi asubui tutatumika bote."

Wasichana wawili wa mbogi yetu wakaangaliana. Mmoja akaniegemea, "Buda, ati tutatumika? Na anatuambia tu hivyo, usoni?"

Elewa. Huku Nairobi ukisikia msee ametumika unajua story iliisha vibaya. Alichezwa, akaachwa kwa mataa. Ilibidi first born wa huyo mathe acheke mpaka akohoe ndio atufungulie code: kwao, kutumika ni kufanya kazi. Fathela wake alitumika Gécamines, kampuni ya shaba. Mathe anatumika sokoni. Na Jumamosi, sisi wote, wageni kwa wenyeji, tutatumika kwa mtaro.

Wacha nirudi nyuma kidogo. Sisi watoi wa Nairobi hizi safari za kujitolea tumezijua tukiwa upande ule mwingine wa kamera. Kama umekulia Mukuru ama Korogocho, ushacheki basi likishusha wazungu wadogo wa hai-skuli, kila mtu na brashi yake. Wanapaka ukuta wa darasa, wanacheza futa na watoi, wiki mbili zikiisha hao wamejitoa Mara kucheki simba. Fundi wa rangi wa hapo mtaani, mwenye angepaka huo ukuta na doo yake iingie, anabaki ameketi kwa jiwe akiangalia vile rangi inamwagika.

Saa hii mchezo umegeuka. Wadogo zetu wa Gredi ya 10, wale walifungua senia skuli Januari 2026, huduma kwa jamii kwao ni somo la lazima, limekaa mstari mmoja na Kiswahili, Kiingereza na hesabu. Na kabla yao kulikuwa na President's Award, tuzo ya vijana, hiyo iko Kenya tangu 1966, na ukitaka ile ya dhahabu lazima ukae siku kadhaa na watu wenye huwajui mkifanya kitu pamoja. Kwa hivyo mtoi wa Kenya naye sasa anabeba begi anaenda kusaidia. Wengi wakiskia safari wanawaza London. Sisi tulichagua L'shi, juu Congo iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki 2022 na juu kuna mtu alituambia wasee wa huko wanabonga Kiswahili. Mbogi ilikuwa ya form three, likizo ya Novemba. Mimi nilibebwa kama mtu mzima, juu ndio nilikuwa na kitambulisho.

Tulibeba pia katoni mbili za vitabu vya sarufi. Weka hiyo kando, nitairudia, na si kwa kujisifu. Na tulichapisha matishati, mgongoni herufi kubwa nyeupe: KENYA.

Barabara ni zaidi ya kilomita elfu mbili. Namanga, Dodoma, Iringa, Mbeya, Tunduma, halafu Zambia inaanza na haitaki kuisha, Mpika, Kapiri Mposhi, Ndola, Chingola. Siku ya tatu watoi walikuwa wameacha hata kupiga selfi. Boda ya Kasumbalesa ndio iliwaamsha: malori yamepanga laini kilomita baada ya kilomita, yamelaliwa na mabamba ya shaba, mengine yanaelekea Dar, mengine Durban. Afisa akataka kadi ya njano ya chanjo ya homa ya manjano. Tukavuka, dere akahamia upande wa kulia wa barabara, na basi lote likapiga nduru, juu kwa mtoi wa Nairobi kulia ni ajali inakujia.

Kutoka hapo L'shi ni kama kilomita 90. Ukiingia unaona bomba la moshi la Gécamines limesimama peke yake na pembeni mlima mweusi. Huo si mlima. Ni mabaki ya shaba iliyochomwa hapo miaka mingi, yamerundikwa mpaka yakawa alama ya mji.

Siku ya kwanza tukashuka tauni na matishati yetu. Msee wa kubadilisha doo, ameketi na mabunda ya franka kwa kameza kadogo, akasoma mgongo wa chali mmoja. "Kenya? Avenue gani?"

Chali akajibu Nairobi. Msee akatikisa kichwa, hiyo avenue haijui. Hapo ndio tuligundua: Lubumbashi iko na komyuni saba, na moja yao inaitwa Kenya. Iko na soko, iko na makanisa, iko na makelele kama ya kwetu. Yaani tumesafiri siku nne kuwaambia watu tunatoka Kenya, na wao wanawaza tumetoka hapo nyuma ya reli. Mtaa wenyewe tuliopelekwa kutumika, bila mtu kupanga, ulikuwa huo huo.

Sasa vitabu.

Shule yenye ilitupokea, darasa limejaa bluu na nyeupe. Congo nzima wanafunzi ni hivyo, shati nyeupe, suruali ama sketi bluu, uwe wa shule ya mapadri ama ya serikali. Madem wetu walishangaa sana hiyo, hakuna kujua nani ni wa shule ya masonko. Chali wetu, mwenye huwa anapata A ya Kiswahili, akasimama mbele akaanza ngeli. M-WA, KI-VI, chaki inapepea. Darasa likamsikiza kwa heshima yote. Bench ya nyuma mtu akasema polepole, "Iyo ni Kiswahili bora." Alisema vile sisi tunasema mtu anabonga kama nyuzi za saa moja.

Halafu dem mmoja akainua mkono. Akauliza: na nyumbani kwenu, munasemaka hii bora?

Chali alitaka kudanganya, nilimuona. Akaangalia vitabu, akaangalia sisi, akasema, "Zii."

Darasa lilivunjika. Na hapo ndio masomo yakaanza kweli kweli, juu chaki ilichukuliwa. Ubao ukakatwa pande mbili, upande huu Sheng, upande huu Kiswahili cha L'shi. Sisi tunasema "katoi", wao "katoto". Sisi hiyo "ka" tulipewa na Wakikuyu, wao iko kwa Kiluba na Kibemba. Sisi "juu" ni kwa sababu. Wao wakitaka kuuliza sababu wanasema "juu ya nini?" Ni kama mtu alikata sentensi moja vipande viwili, swali likabaki L'shi, jibu likaenda Eastlands. Wao wanaenda "ku masomo" tukienda shule, na wanasema "kuya" tukisema kuja. Mwalimu wao, mzee mpole, aliweka katoni zetu chini ya meza na sikuziona tena mpaka tunatoka. Hakusema kitu. Nilishukuru.

Nimefikiria sana juu ya hiyo ubao. Kiswahili kilifika Katanga, eneo la L'shi, na wafanyabiashara, wakina Msiri, yule wa kutoka Unyamwezi mwenye alijenga ufalme wake Bunkeya karne ya 19. Lakini kilikuja kuwa cha mji kwa sababu ya shaba. Kampuni ya migodi ya Union Minière ilianza 1906, mji ukaanza 1910 ukiitwa Élisabethville, na wafanyakazi wakavutwa kutoka Rhodesia ya Kaskazini, Kasai, Rwanda na Burundi. Ukiweka watu wa lugha kumi kwa kambi moja na msimamizi anapiga kelele, watatengeneza lugha ya kuishi nayo. Na Sheng ilitoka wapi kama si kwa maploti ya Eastlands, Wakamba, Wajaluo, Wakikuyu na Waluhya wamebanana kwa keja za wafanyakazi wa reli na wa kanjo? Mayut wa L'shi nao wako na yao ya mtaani, inaitwa Kindubile, na msomi mmoja wa huko, Georges Mulumbwa Mutambwa, aliiandikia tasnifu nzima 2009. Tulienda kurekebisha watu wenye ni sisi.

Jumamosi ikafika. Kutumika.

Mvua za huko zinashika Novemba, na mtaro wa mtaa ulikuwa umeziba hadi juu: udongo mwekundu, vitambaa, na zile karatasi za maji ya kunywa, maelfu. Mzee mmoja alikuwa ameketi kwa mlango wake anatucheki. Kijana akamwambia ni salongo, kazi ya pamoja ya mtaa. Mzee akafyonza. Enzi za Mobutu salongo haikuwa hiari, ulitoka ama ulitolewa. Akasema neno lingine lenye sitaandika hapa, akaingia ndani. Baada ya nusu saa akatoka na spedi yake.

Zilikuwa spedi nne sasa, na watu kama thelathini. Mbogi yetu ilikuwa na glovu mpya, na kitu ya kwanza walifanya ni kupanga mstari wapigwe picha. Mathe wetu akasimama, mikono kiunoni. "Juu ya nini munakamata picha mbele ya kutumika?" Hakuwa amekasirika. Alitaka kujua tu. Hakuna mtu alikuwa na jibu, simu zikaingia mfukoni.

Chali wetu wa A ya Kiswahili alichukua spedi na nguvu zote. Anachota tope, anaweka kando, anachota, anaweka kando, jasho tiririri. Alikuwa amejenga kaukuta kazuri mdomoni mwa mtaro. Mathe akamwangalia dakika kama mbili. Akaenda akakanyaga hiyo tope na kandambili, ikarudi ndani, plop. "Mvula ikikuya itarudisha yote. Utatumika mara mbili." Akamwonyesha: unatenganisha kwanza, karatasi zinaingia kwa gunia, tope inabebwa kwa toroli mpaka kwa mashimo ya barabara, inamwagwa, inakanyagwa na miguu. Mtaro unafunguka na shimo linafungwa. Watoi wa hapo wa miaka minane walikuwa wanajua hiyo. Sisi tulikuwa na glovu.

Mpaka saa nane mchana tulikuwa tumefungua kama mita sitini. Hesabu yangu, kwa hatua. Si kitu, komyuni ni kubwa. Lakini dem mmoja wetu alinionyesha kiganja chake na malengelenge mawili, akiwa na furaha kama amepewa kombe.

Jioni tulidishi bukari na sombe, yale majani ya mhogo, na viwavi vya kukaangwa kwa wenye roho ngumu. Nilikula vitatu. Cha nne nilisema nimeshiba.

Sasa nikuulize. Hii tunaita kubadilishana, si ndio? Sisi tulienda. Wao watakuja lini? Juu huko Katanga watoi walishawahi kusafirishwa. 1958 vijana wa kwaya ya shule ya Kamina, wengi wa miaka tisa hadi kumi na nne, walipelekwa Ulaya na padri wao Guido Haazen wakaimba kwa maonyesho makubwa ya Brussels na miji mingine. Misa yao, Missa Luba, bado inaimbwa dunia nzima. Hata Muungano National Choir ya Nairobi, chini ya Boniface Mganga, iliirekodi. Hao watoi wa Kamina walishangiliwa sana. Ila huko Brussels waliimba kwa maonyesho yenye pia yaliweka kijiji cha Wakongo nyuma ya ua, watu waangaliwe kama wanyama. Ndio maana nikisikia mtu anasema safari tu inafungua macho, nauliza macho ya nani.

Na Nairobi nayo iko na deni. Jean Bosco Mwenda na Edouard Masengo, wapiga gitaa wa Katanga, walikuja huku miaka ya hamsini, wakatumika hata kwa matangazo, mmoja ya Aspro, mwingine ya Coca-Cola. Wapiga gitaa wa Kenya waliwaangalia vidole wakajifunza. Chunguza benga ukiwa na masikio ya huko utasikia. Sasa first born wa mathe wetu, mwenye anapiga gitaa ya nyuzi tano juu ya sita ilikatika, aliuliza nauli ya basi mpaka Nairobi. Nikamwambia. Akanyamaza, akarudi kwa nyuzi zake. Kwa bajeti yetu yote hakukuwa na laini moja ya mtoi wa L'shi kuja kwetu, na pesa ya matishati peke yake ingeleta mmoja.

Matishati tuliyaacha. Siku ya kuondoka nilihesabu watu sita kwa soko ya Kenya wamevaa KENYA mgongoni, na kwa mara ya kwanza yalikuwa yanasema ukweli.

Wiki mbili baada ya kurudi, nikiwa kwa mathree ya Umoja tumekwama kwa jam, mvua inapiga vioo, simu ikalia. Ilikuwa ni first born. Picha ya mtaro, maji ya kahawia yanapita, yanapita poa, mpaka pale tuliachia. Mbele ya hapo ni dimbwi. Chini ameandika: "Kule mbele ilisha kuyala tena. Mama anauliza, mutakuya lini kutumika?"