Kijiko cha silva au kimepakwa silva? Geuza mgongo kwanza



Hapa Izia na Sumbawanga yote kuna watu wanauza vyombo vya zamani vya familia, na humo ndani unaweza kukuta vijiko na uma za kizungu zinazong'aa. Wenzetu wananitumia picha inboksi: "Hii ni silva, niiposti bei gani?" Jibu langu ni lile lile: usitaje bei, na usitoe hela yako kununua, kabla hujasoma maandishi nyuma ya mpini.

1. STERLING au 925. Hii ni silva halisi: sehemu 925 kati ya 1,000. Neno STERLING likiwa peke yake, bila vinyama vya mhuri, mara nyingi ni mzigo wa Marekani. Sheria yao ya 1906 inataka kinachogongwa neno hilo kifikie kiwango hicho.

2. Jina la duka. Zamani kule Marekani masonara wengi wa mijini hawakuvifua vijiko wenyewe. Waliagiza kwa viwanda vikubwa kama Gorham cha Providence, halafu jina la duka lao likagongwa nyuma. Kwa hiyo kijiko kimoja kinaweza kuwa na alama ya kiwanda (ya Gorham ni simba, nanga na herufi G) pamoja na jina la sonara aliyekiuza. Wakusanyaji wanayatafuta majina hayo, kwa hiyo andika kila herufi kwenye tangazo. Na wewe jifunze hapo: hata kama bidhaa hutengenezi, weka jina lako kwenye mfuko.

3. EPNS. Hapa wengi wanapigwa. Ni mchanganyiko wa shaba, nikeli na zinki, juu umepakwa silva kwa umeme. Viwanda vya Sheffield, Uingereza, vilizitoa kwa wingi. Herufi zake hukaa kwenye viboksi vidogo, ukitazama haraka unadhani ni mhuri wa silva.

4. Namba 90. Mtu anaiona anasema "asilimia 90!" Siyo. Kwenye vijiko vya Kijerumani, 90 ni gramu za silva iliyopakwa kwenye dazeni ya vijiko na dazeni ya uma. Gawanya kwa 24: gramu 3.75 tu kwa kila kimoja. Silva halisi ya Kijerumani huandikwa 800. Kijiko cha gramu 50 chenye 800 kina gramu 40 za silva. Ukinunua cha 90 kwa bei ya 800, mtaji umekwenda.

Vipimo vya nyumbani. Sumaku ikinasa, siyo silva. Isiponasa bado usishangilie, maana shaba nayo hainasi. Pima kwenye mizani, lakini visu viache pembeni: mpini wa silva mara nyingi ndani una wazi uliojazwa kitu kingine, na bapa ni chuma.

Usafi. Maji ya vuguvugu, sabuni na kitambaa laini, basi. Steelwire inakwangua alama, na alama ndiyo bei yenyewe. Weusi kidogo haumkimbizi mteja anayejua vitu.

Tangazo liwe hivi: "Kijiko cha mezani, EPNS, kimepakwa silva, rangi imeisha kidogo kwenye ncha. Picha ya mgongo ipo." Bei itakuwa ndogo, ni kweli. Lakini mteja wa Dar aliyetumiwa mzigo kwa basi akigundua umemwandikia "silva" kitu kilichopakwa, utarudisha hela, utalipa nauli ya mzigo mara ya pili, na jina lako litazunguka kwenye magrupu ya wasapu kabla hujalala.

Una kijiko usichokielewa? Piga picha ya mgongo mchana, kwenye mwanga wa dirishani, iweke kwenye maoni. Tutaisoma pamoja.