Saa ya kuondoka si saa ya kufika

Juma hili nina swali la msikilizaji mmoja, na nimeona nilijibu mbele ya watu wote kwa sababu linatuhusu hata sisi ambao hatutarajii kwenda Ulaya.

Msikilizaji huyo ni mama mwenye kijana anayefanya kazi Hispania. Kijana, Mungu ambariki, amewakatia wazazi wake tikiti ya meli ya kitalii itakayoanzia Barcelona na kuzunguka bandari za bahari ya Mediterania kwa siku 7. Tikiti inasema meli itang'oa nanga saa 11 jioni. Mama anauliza wafike bandarini saa ngapi. Mumewe anashikilia kwamba meli si daladala. Chombo kikubwa kama kile hakiwezi kuwaacha watu waliolipa fedha zao, kwa hiyo wakifika saa 10 na nusu watakuwa wamewahi sana.

Jawabu langu, mama, ni kwamba mkifika saa 10 na nusu mtaiona meli, tena mtaiona vizuri kabisa, lakini mtaiona mkiwa nje ya lango. Saa iliyoandikwa kwenye tikiti ni saa ya meli kuondoka gatini. Saa ya abiria ni nyingine, na hufika mapema zaidi. Makampuni mengi ya meli za kitalii hufunga kupokea abiria dakika 60 au 90 kabla ya kuondoka, na mengine saa 2 kamili. Akija mtu baada ya hapo, hata akiwa na tikiti ya daraja la juu kabisa, anahesabiwa kuwa hakuja.

Hebu tuitazame siku ya meli yenyewe. Meli za namna hii kwa kawaida hufika gatini alfajiri, zikiwa zimejaa abiria wa safari iliyopita. Wale huanza kushuka asubuhi. Wakishuka, vyumba vinafagiliwa, mashuka yanabadilishwa, na vyakula vya juma zima vinapakiwa. Kazi hiyo si ndogo. Meli iitwayo Icon of the Seas, iliyoanza safari zake Miami mwaka 2024, inaweza kuchukua abiria 7,600, na ina wafanyakazi wapatao 2,350. Huo ni mji mdogo mzima unaohama na kuhamia kwa siku moja! Ndiyo maana siku hizi makampuni mengi humpangia kila abiria saa yake ya kufika, mathalani kati ya saa 6 na saa 6 na nusu mchana, ili watu wote wasirundikane mlangoni kwa wakati mmoja. Akija mapema mno atakaa kwenye mabenchi na mabegi yake. Na hata akiruhusiwa kupanda, huenda chumba chake kisiwe tayari mpaka saa 7 au saa 8 mchana.

Kwa hiyo, mama, fuateni saa mliyopangiwa. Kama hamkupangiwa, lengeni kufika saa 7 mchana, na hesabuni saa 9 alasiri kuwa ndiyo mwisho wenu, haidhuru kampuni inaruhusu baadaye kidogo.

Lakini hiyo ni saa ya bandarini. Kuna na siku ya kufika mjini, na hapo ndipo wasafiri wengi huumia. Kutoka Dar es Salaam kwenda Barcelona kwa kawaida mtabadilisha ndege njiani, pengine Istanbul, Doha au Amsterdam. Ndege ya kwanza ikichelewa saa 2 tu, ya pili mnaikosa, na meli nayo mnaikosa. Fikeni siku moja kabla. Gharama ya kulala hoteli usiku mmoja ni ndogo kuliko gharama ya kuikimbiza meli. Maana abiria aliyeachwa, kama kampuni na watu wa uhamiaji wakikubali, aweza kuifuata kwenye bandari inayofuata, lakini nauli ni juu yake mwenyewe.

Na wakati ndiyo huo tunazungumzia saa, tahadhari moja ambayo Mzungu haihitaji lakini sisi tunaihitaji. Tikiti itaandikwa 17:00. Toa 12, unapata 5. Ongeza 6, unapata saa 11 jioni. Ikiandikwa 07:00, hiyo ni saa 1 asubuhi, wala si saa 7. Ikiandikwa tarehe 12 saa 00:30, ujue kwamba unatakiwa uwepo usiku wa tarehe 11, maana kwao siku mpya huanza usiku wa manane. Tena Hispania iko nyuma yetu kwa saa 2 wakati wa baridi na saa 1 wakati wa joto. Rekebisheni saa zenu mara tu mnapofika.

Jambo la vitambulisho nalo ni sehemu ya kuwahi. Bandarini mabegi makubwa huchukuliwa na wachukuzi kabla hamjafika dirishani, nayo huletwa chumbani baadaye. Msiweke pasipoti humo, wala dawa za mzee za shinikizo la damu. Na kama meli itatia nanga Tunisia au Uturuki kisha irudi Hispania, viza yenu ya Ulaya lazima iwe inaruhusu kuingia zaidi ya mara moja. Kulitambua hilo dirishani saa 9 alasiri ni sawa na kuchelewa.

Sasa nije kwenye hoja ya mzee, kwamba meli itasubiri. Kwa nini isisubiri? Sababu moja ni ya fedha: gati imekodiwa kwa saa, na rubani wa bandari pamoja na boti za kuvuta meli wamepangiwa muda, na huenda meli nyingine inangoja nafasi hiyo hiyo. Lakini sababu kubwa si fedha. Sababu kubwa ni hesabu ya watu.

Upo Mkataba wa Kimataifa wa Usalama wa Maisha Baharini, ambao mabaharia huuita SOLAS. Ulitungwa kwa mara ya kwanza mwaka 1914, baada ya kuzama kwa Titanic mwaka 1912. Kwa mujibu wa mkataba huu, meli ya abiria iendayo nchi za nje haiondoki kabla watu wote waliomo hawajahesabiwa. Tangu mwaka 1999 majina yao pia lazima yaandikwe, wanaume na wanawake, wakubwa na watoto. Mtu mwenye ulemavu au mgonjwa anayehitaji msaada maalumu, nahodha lazima aarifiwe habari zake. Na sikilizeni jambo hili, ndilo kiini cha maneno yangu yote: habari hizo hazisafiri na meli peke yake. Huwekwa nchi kavu pia, ili mambo yakiharibika, waokoaji wajue wanatafuta watu wangapi, na ni akina nani.

Marekani wameweka muda kabisa: meli ya biashara iendayo nje hutakiwa kupeleka orodha ya waliomo kwa maofisa wa forodha na mipaka si chini ya dakika 60 kabla ya kuondoka. Sasa abiria anayefika dakika 40 kabla anaomba nini? Anaomba orodha iliyokwisha kufungwa ifunguliwe kwa ajili yake.

Kisha kuna mafunzo ya kujiokoa. Januari 13, 2012, meli ya kitalii Costa Concordia iliondoka Civitavecchia, nchini Italia, na usiku ule ule ikagonga mwamba karibu na kisiwa cha Giglio. Watu 32 walikufa. Mamia ya abiria waliopanda siku hiyo walikuwa hawajaonyeshwa bado mahali pa kukusanyikia wala namna ya kuvaa jaketi la kuokolea, kwa sababu kanuni ya wakati ule iliruhusu mafunzo yafanyike ndani ya saa 24. Tangu Januari 2015 mafunzo hayo lazima yafanyike kabla ya meli kuondoka, au mara tu inapoondoka. Hilo nalo linataka abiria wawe ndani mapema.

Anayedhani haya ni ya kwenye karatasi tu, na atazame yaliyotokea Afrika yetu hii. Machi 2024 meli ya Norwegian Dawn ilitia nanga kisiwani São Tomé. Abiria 8 walikwenda kutembea kwa mpango wao wenyewe, wakachelewa kurudi. Walinzi wa pwani wakawapeleka kwa boti mpaka ubavuni mwa meli, nayo ikiwa bado haijang'oa nanga, lakini hawakupandishwa. Pasipoti zao zikaachwa kwa wakala wa bandari, na ikawabidi wahangaike nchi kwa nchi hadi wakaipata meli Dakar, Senegal. Watu wengi waliona ni ukatili. Mimi nimeona na jambo la pili: meli yenye maelfu ya watu ilijua, kwa majina, ni nani hawamo, na pasipoti zao ni zipi.

Nasi je? Nataka turudi nyumbani, maana hapa ndipo swali la mama linapotuhusu wote.

Mei 21, 1996, MV Bukoba ilizama Ziwa Victoria, karibu kabisa na Mwanza. Iliruhusiwa kuchukua abiria 430. Wa daraja la kwanza na la pili walikuwa wameandikwa. Wa daraja la tatu, ambao ndio wengi wetu, hawakuwa na orodha. Mpaka leo idadi ya waliokufa hutajwa kwa makadirio, kati ya watu 800 na 1,000. Usiku wa kuamkia Septemba 10, 2011, MV Spice Islander ilizama ikitoka Unguja kwenda Pemba. Iliruhusiwa watu 645. Kwanza tuliambiwa waliokufa ni 200 na ushei, yaani maiti zilizopatikana. Januari 2012 taarifa ya tume ikasema waliokufa na waliopotea ni zaidi ya 1,500.

Tofauti ya hesabu hizo mbili, ndugu zangu, ni watu zaidi ya elfu moja. Walikuwa na mama zao na watoto wao nyumbani, lakini kwenye karatasi hawakuwamo. Familia nzima zilikwenda ufukweni kuulizia mtu, zikajibiwa kwamba jina hilo halipo.

Safari zetu za ndani zina kanuni zake, lakini hoja ni ile ile. Mtu anayefika bandarini Dar es Salaam dakika 5 kabla ya boti ya Unguja, akanunua tikiti kwa mpiga debe, tikiti yenye jina la mtu mwingine, kisha akasukumwa ndani huku kamba zinafunguliwa, hujisifu kwamba ni mjanja. Mimi naona amesafiri bila jina. Likitokea la kutokea, jina litakalotafutwa ni la mtu aliyebaki Kariakoo akinywa kahawa, na yeye mwenyewe hakuna atakayemtafuta. Na wakiingia 100 wa namna hiyo, chombo kimezidisha watu 100 ambao nahodha hawajui.

Najua yupo atakayenijibu kwamba hata kwenye Titanic wapo waliochelewa wakapona. Ni kweli. Wachochea makaa kadhaa walikwenda kilabuni Southampton, wakarudi wamechelewa, ofisa aliyekuwa mlangoni akawakataza, na watu wengine wakachukuliwa mahali pao. Lakini mtu hawezi kupanga safari zake kwa kutegemea kuwa kila meli atakayoikosa itazama. Kwa kila anayeponea kuchelewa, wapo maelfu waliokosa safari, mazishi, usaili wa kazi na matibabu.

Tena lawama isiwe ya abiria peke yao. Mwenye chombo anayemwambia mteja aje saa moja kabla, ajitahidi na yeye kufungua dirisha saa hiyo, aandike jina kwa kutazama kitambulisho, na lango likifungwa liwe limefungwa kwa mkubwa na kwa mdogo. Watu watajifunza kuwahi pale watakapoona kwamba hakuna wa kupitishwa kwa mlango wa nyuma.

Mama, mwambie mzee kwamba ameoa mke mwenye busara. Fikeni Barcelona siku moja kabla. Kesho yake kuleni mapema, mshike pasipoti mkononi, na saa 7 mchana muwe langoni. Na siku mkienda Unguja kuwasalimia ndugu, fikeni saa mliyoambiwa, nunueni tikiti dirishani, na kabla hamjaondoka hapo soma jina lililoandikwa. Kama si lako, rudisha.

Hadi juma lijalo, nawatakia safari njema.