Dola Zako na Bendi ya Swingi: Wapi Uingie, Wapi Upite

Majira ya joto yakikaribia New York, mchezaji wa lindi hopu, dansi ya muziki wa swingi, huona matangazo mengi kuliko mfuko wake unavyoweza kubeba. Wikendi hii bendi hii, wikendi ijayo ile, na bei ya mapema ya tamasha inakaribia kufungwa. Kabla hujatoa kadi ya benki, shika kanuni moja: usiangalie bei ya tiketi, piga hesabu ya gharama ya kila saa utakayocheza huku bendi inapiga.

Wachezaji wa Harlem, mtaa wa New York, walilijua hili zamani. Ukumbi wa Savoy, uliofunguliwa mwaka 1926 na ambamo lindi hopu ilikulia, ulitoza senti 30, ikifika saa kumi na mbili jioni senti 60, na ikishapita saa mbili usiku senti 85. Aliyewahi alilipa kidogo na kucheza zaidi. Tena palikuwa na majukwaa mawili: bendi moja ikipumzika, nyingine inadaka, muziki haukatiki. Savoy ilifungwa mwaka 1958, lakini uzito wa kiingilio bado unapimwa vilevile.

Dansi za bure za uwanjani

Anzia hapa. Lincoln Center, kituo cha sanaa cha New York, imekuwa ikiwaleta wanabendi uwanjani wakati wa joto tangu mwaka 1989. Zamani aliyetaka kukanyaga sakafu alikata tiketi. Katika misimu ya karibuni dansi hizo zimekuwa za bure, na mara nyingi kuna mwalimu wa kuwafundisha wageni kabla bendi haijapanda.

Gharama yake ni foleni, umati na mvua. Nafasi hujaa mapema, na mawingu yakifunga huenda dansi ikaahirishwa. Ila ikinyesha umepoteza nauli tu, dola 3 hivi kwenda na kama hizo kurudi. Wahi somo la mwanzo: umejifunza bure, na umeshapata mahali pa kusimama.

Usiku wa dansi ukumbini

Huu ndio ununuzi bora kwa mwenye fedha kidogo. Tuseme kiingilio ni dola 25, somo limo humohumo, na bendi inapiga saa mbili ukitoa mapumziko. Hiyo ni dola 12 na nusu kwa saa. Kumbi nyingi za aina hii zina sakafu ya mbao inayonepa kidogo, kwa hiyo kesho yake miguu haikulaumu.

Kinachonunuliwa hapa hakipatikani kwenye rekodi. Cheza karibu na mpiga ngoma. Ukirusha mguu mwishoni mwa ubeti naye amekuona, atakujibu kwa pigo moja la kijiti kwenye ukingo wa ngoma. Wimbo uliokuwa unaelekea kuisha utaongezwa ubeti mwingine kwa sababu watu bado wamechangamka. Hapo fedha yako imefanya kazi.

Usiku wa DJ

Ni nafuu, dola 10 hadi 15, na unapatikana mwaka mzima. Nenda ukafanye mazoezi na ukawazoee watu wa kucheza nao. Usiulipie bei ya bendi, hata ukumbi uwe umepambwa namna gani.

Kilabu cha jazi chenye chakula

Hapa ndipo fedha inapovuja. Tangazo linasema dola 35. Halijasema kwamba kila aliyeketi lazima aagize chakula au kinywaji cha dola 25. Weka kodi ya mauzo ya New York, asilimia 8.875, juu ya chakula hicho, bakshishi ya asilimia 20 kwa mhudumu, na ada ya dola 5 ya kukata tiketi kwenye intaneti. Zile 35 zimekuwa 72, kwa awamu moja ya muziki ya saa moja na robo.

Na kucheza je? Nafasi ni ile iliyobaki kati ya jukwaa na meza ya kwanza. Jozi mbili zikisimama, ya tatu inagonga trei ya mhudumu. Wapigaji huwa hodari kweli, lakini wanawapigia waliokaa: nyimbo ndefu za kuonyesha ufundi, au za kasi ambayo mchezaji wa kawaida haiwezi. Nenda kama unataka kusikiliza. Kwa kucheza, pita.

Tamasha la wikendi

Tiketi ya dola 200 ni mwanzo tu. Kuna kitanda, usafiri na chakula. Hata mkilala wanne chumba kimoja, jumla inaweza kupita 400. Faida yake ni bendi nzuri usiku mfululizo na wachezaji kutoka miji mingi. Kama ni mwaka wako wa kwanza, subiri. Kama huwezi kusubiri, waulize waandaaji kama unaweza kujitolea mlangoni kwa saa chache upunguziwe tiketi, na usome masharti ya kurudishiwa fedha kabla ya kulipa.

Viatu kabla ya tiketi

Raba zenye soli ya mpira hung'ang'ania sakafu: mwili unazunguka, kiatu kinabaki, goti linalipa. Viatu vipya vya dansi mara nyingi hupita dola 100. Nafuu ni kumpelekea fundi viatu vyako vyepesi akubandikie soli ya ngozi. Soli ya swedi, ngozi ile laini yenye vinyweleo, huteleza vizuri lakini haipendi maji wala lami. Kwa dansi za nje chagua ngozi ngumu, inadumu zaidi.

Maswali ya kuuliza kabla ya kulipa

Bendi inapiga awamu ngapi, na wakipumzika kuna muziki au kimya? Sakafu ni mbao au saruji? Jumla ya mwisho, pamoja na ada zote, ni dola ngapi? Asiyekujibu la mwisho, usimpe kadi yako. Kisha sikiliza rekodi za bendi hiyo kwenye intaneti, ni bure: kama huwezi kufuatisha mwendo wao ukiwa sebuleni, ukumbini utaketi.

Ukiwa na dola 150 za msimu mzima, tenga 50 za soli, 50 za usiku wa ukumbini mara mbili, na 50 za nauli ya kwenda huko na kwenye dansi za bure. Nauli ikibaki, itie kwenye kopo la wanabendi. Wale wanaopiga bure kwako nao wana kodi ya nyumba. Viatu vipeleke kwa fundi wiki hii, kabla msimu haujafunguliwa na foleni ya fundi haijawa ndefu.