Kuzima ni rahisi, kupoza ndiyo kazi

Hebu jaribu hili jikoni. Acha chuma cha chapati kipate moto kweli kweli, kisha dondosha tone la maji. Ulitegemea litapotea mara moja, sivyo? Kumbe linaviringika tu, linachezacheza. Chini yake kuna utando wa mvuke unaolizuia lisiguse chuma, na mvuke haupitishi joto vizuri.

Karagwe, nchi iliyosifika kwa uhunzi tangu enzi za wafalme wake, mhunzi anaijua hali hii. Chuma chekundu kikizamishwa majini, mwanzoni kinajifunika mvuke. Kikipoa kiasi, utando unavunjika, maji yanakigusa, yanachemka kwa nguvu, na joto linashuka ghafla.

Sasa twende kwenye kinu cha nyuklia. Urani hukaa ndani ya fito nyembamba, unene kama sentimita 1, urefu kama mita 4. Maganda yake mara nyingi ni zirkoni iliyochanganywa na bati kidogo, kama asilimia 1.5. Ndiyo, bati, madini yanayochimbwa Kyerwa.

Ukizima kinu, joto haliishi hapo hapo. Mara tu baada ya kuzimwa, fito bado zinatoa kama asilimia 6 ya joto la kawaida. Maji yakikosekana, ganda linapata moto mno, zirkoni inanyang'anya mvuke oksijeni, na haidrojeni inabaki. Ndiyo iliyolipua majengo ya Fukushima, Japani, Machi 2011.

Je, maji yakirudishwa, ganda litapoa baada ya muda gani? Watafiti hutengeneza fito bandia zenye hita ya umeme badala ya urani, wanazipasha moto, halafu wanaingiza maji kutoka chini. Kwenye ganda huwa wamechomelea themokapo, kila moja kwa kimo chake. Hizo ni nyaya mbili za metali tofauti zilizounganishwa nchani. Joto likibadilika, umeme wake mdogo nao unabadilika.

Kwenye grafu, joto linashuka polepole, kisha linaporomoka. Hapo utando umevunjika. Themokapo ya chini huporomoka kwanza, halafu ya juu yake. Gawa umbali kati yao kwa muda uliopita, umepata kasi ya ganda kuloweshwa.

Vipimo hivyo ndivyo vinavyotumika kukagua programu za kompyuta zinazokadiria ajali. Marekani, tangu 1974, hesabu lazima zionyeshe ganda halitavuka nyuzi 1204 za Selsiasi. Kwa hiyo mtu akikuuliza, "Si wazime tu?", mwonyeshe lile tone.