Uliza Bledi Kwanza

Katika maduka mengi ya vifaa hapa mjini, ule msumeno mdogo wa umeme ambao mafundi huuita jigso unauzwa kwa wati. Muuzaji anainua boksi, anakuonyesha tarakimu kubwa ubavuni, na anakuhakikishia kuwa hii ya wati 800 ni bora kuliko ile ya 500. Mnunuzi analipa na kuondoka, bledi hata hakuiulizia. Siku anapokata tundu la sinki katika meza ya jikoni iliyobandikwa fomeka, kingo zinabanduka kama maganda ya muhogo. Nimeshuhudia fundi kijana akikatwa ujira wa siku mbili kwa sababu ya meza kama hiyo, na hakuna aliyejisumbua kuitazama bledi aliyopewa na mwenye nyumba.

Chombo hiki asili yake ni cherehani. Husimuliwa kuwa mwaka 1946 mhandisi Albert Kaufmann wa kampuni ya Scintilla, huko Uswisi, aliondoa sindano katika cherehani ya mkewe na kufunga bledi ya msumeno mahali pake. Basi hadi leo jigso ni hiyo hiyo: bledi nyembamba, iliyoshikwa upande mmoja tu, inapanda na kushuka upesi. Ndiyo maana inafuata mstari uliopinda bila taabu. Na ndiyo maana ukiilazimisha kuchana gogo nene, bledi inalala upande na mkato unatoka mshazari.

Sasa tazama meno. Katika bledi nyingi meno yanaelekea juu, maana yake bledi inakata inapopanda. Ubao unabanduka upande wa juu, ule ule unaotaka upendeze. Kama ubao bado haujafungwa, ugeuze, chora mstari kwa nyuma na ukate kwa nyuma. Kama meza imekwisha fungwa, ziko bledi ambazo meno yake yanaelekea chini. Hizo huisukuma mashine juu, kwa hiyo ikandamizwe barabara.

Halafu kuna nafasi kati ya jino na jino. Yakiachana milimita 4, bledi inakwenda mbio katika mbao laini, lakini inaacha ukingo wenye nyuzi. Yakiachana milimita 2.5 inakwenda polepole na ukingo unatoka safi. Hiyo ndiyo ya plaiwudi na makabati. Chuma cha unene wa milimita 3 kinataka meno madogo ya milimita 1.2 hivi, ili wakati wote pawe na meno mawili au zaidi ndani ya chuma. La sivyo chuma kinanasa katikati ya meno na kuyang'oa. Bati la paa, kwa maoni yangu, liachiwe mkasi wa bati.

Bledi pia huwa na herufi zinazotaja chuma chake. HCS inapinda bila kuvunjika, nayo ni ya mbao laini. HSS ni ngumu, ni ya kukatia chuma, lakini ukiipinda inakatika. BIM ina mgongo unaopinda na meno magumu. Bei yake iko juu, lakini mwenye kazi ya mninga au mkongo asiione ghali, kwani mbao hizo humaliza meno ya HCS upesi. Urefu nao uangaliwe: bledi ipite unene wa ubao kwa sentimita 2 au zaidi, hata inapokuwa imepanda juu kabisa.

Ukishajua bledi unazozihitaji, ndipo uichague mashine. Swali la kwanza ni mkia. Bledi nyingi za siku hizi zina mkia wa umbo la herufi T. Mashine nyingine, hasa za zamani, hutaka mkia wa umbo la U unaokazwa kwa skrubu. Ukikosea, hazishikani. Uliza, kabla hujalipa, kama bledi za mashine hiyo zinapatikana hapo dukani. Wati 500 au 600 zinatosha kazi za nyumbani. Kuliko kulipia wati zaidi, tafuta swichi ya kupunguza mwendo, kwani chuma na plastiki havitaki mbio. Tafuta pia kile kiwiko kinachofanya bledi iyumbe mbele na nyuma. Kwa ubao mnene kifungulie, kwa chuma na fomeka kirudishe kwenye sifuri. Shika bamba la chini ulitikise. Likicheza dukani, litacheza nyumbani.

Ukikuta ya mtumba, soma kibandiko. Iliyotengenezwa kwa matumizi ya Japani ni ya volti 100, ya Marekani ni 120, na umeme wetu ni 230. Bila transfoma inaungua.

Kwa tundu la sinki, toboa kwanza pembe nne kwa drili, ndani ya mstari, upate pa kupitishia bledi. Funga bamba kwa utepe wa karatasi lisikwaruze fomeka, na uvae miwani. Kila unapobadilisha bledi, chomoa waya ukutani kwanza, na iliyotoka kukata chuma usiiguse kwa mkono mtupu; inaunguza.